Mita Tano za Kwanza: Hesabu ya Fimbo ya Klipu

Mpandaji wa miamba mwenye kimo cha mita 1.70 akinyoosha mkono juu hufikia kama mita 2.1. Bolti ya kwanza, yaani chuma cha kwanza kilichotobolewa mwambani cha kufungia kamba, ikiwa mita 5 kutoka ardhini, basi pale anapohangaika kuifikia nyayo zake ziko karibu mita 3 hewani na hana kinachomshikilia ila vidole vyake. Akiteleza, atafika chini kwa sekunde 0.8, kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa. Kama ana desturi ya kungoja mpaka bolti iwe usawa wa kiuno ndipo afunge, nyayo ziko mita 4: sekunde 0.9, kilomita 32 kwa saa. Kamba ya dola 220 aliyojifunga haina msaada wowote hapo, kwa sababu haijapitishwa popote. Na mshika kamba aliyeko chini, awe hodari kiasi gani, hana la kufanya zaidi ya kuinua mikono amwelekeze aangukie miguu.

Hilo ndilo pengo ambalo fimbo ya klipu inaziba. Ni fimbo ndefu yenye kichwa cha kubania, ambayo mpandaji akiwa bado amesimama ardhini huitumia kuning'iniza kwikidroo kwenye bolti ya kwanza, kamba ikiwa tayari imepita ndani yake. Kwikidroo ni zile karabina mbili zilizounganishwa kwa mkanda mfupi: ya juu hushika bolti, ya chini hushika kamba. Fimbo ikishafanya kazi yake inawekwa kando, na mtu anaanza kupanda huku kamba ikiwa juu yake tangu hatua ya kwanza. Ni kifaa sahili mno, na pengine ndiyo maana wapandaji wengi hukinunua mwisho, baada ya viatu vya pili na begi la tatu. Kwa hesabu zinazofuata, nadhani kingepaswa kuwa juu zaidi katika orodha yao.

Tuanze na urefu wenyewe. Kwenye kuta za ndani za Ulaya, kiwango cha EN 12572 kinataka kishikio cha kwanza cha kamba kisizidi mita 3.10 kutoka sakafuni, na mara nyingi chini yake kuna godoro. Mtu mzima wa kimo cha kawaida hukifikia akiwa amepanda hatua moja au mbili tu. Kwenye sekta ya ujenzi nchini Marekani, sheria za usalama kazini humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi dhidi ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani mita 1.8. Hata kwenye mashindano ya kimataifa ya kupanda kwa kamba, waandaaji wa njia wana ruhusa ya kuagiza kamba iwe imeshapitishwa kwenye kwikidroo ya kwanza kabla mshindani hajaanza. Washindani hao ni watu wanaopanda kila siku ya maisha yao, kwenye ukuta wenye sakafu tambarare na madaktari pembeni.

Mwamba wa nje haujui kiwango cha EN. Smith Rock katika jimbo la Oregon, mahali ambapo Alan Watts na wenzake waliupandisha hadhi mchezo huu huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni maarufu kwa bolti zilizoachana sana na za kwanza zilizo juu. Ni hapo Mfaransa Jean-Baptiste Tribout alipokamilisha njia ya To Bolt or Not to Be mwaka 1986, ya kwanza ya daraja la 5.14 nchini humo. Mgeni akifika Smith Rock leo atawaona watu wakitembea na fimbo begani kama wavuvi, na hakuna anayewashangaa. Frankenjura ya Ujerumani, yenye njia zaidi ya 10,000 zilizotawanyika msituni, ina tabia hiyohiyo: mwamba mfupi, mwanzo mgumu, bolti ya kwanza juu.

Kwa nini waliotoboa mwamba waliiweka juu namna hiyo? Sababu ni kadhaa na nyingi zina hesabu ndani yake. Bolti moja ya chuma cha pua pamoja na hanga yake, kile kibati chenye tundu la kuingizia karabina, hugharimu takriban dola 8 hadi 12. Njia ya mita 25 inahitaji bolti 10 hivi na vishikio vya kileleni, kwa hiyo mtu anayeiandaa njia anaweza kutoa dola 120 mfukoni mwake kabla hajahesabu betri za drili, biti za kutobolea na siku nzima ya kuning'inia. Akiona mita 5 za mwanzo ni rahisi kwake, huokoa bolti moja. Wengine walichimba wakiwa wanapanda kutoka chini, na waliweka bolti pale tu palipokuwa na nafasi ya kusimama. Wengine walikuwa na fimbo tangu mwanzo, wakadhani kila atakayekuja naye atakuwa nayo.

Mtu anaweza kuuliza: si afadhali tuongeze bolti moja chini ya kila njia, tuachane na fimbo? Twende na hesabu. Eneo lenye njia 1,000 zenye mwanzo wa hatari lingehitaji bolti 1,000, kama dola 10,000, na ukikadiria nusu saa kwa kila tundu unapata saa 500 za kazi. Fedha hizo zinapatikana. Klabu kubwa huchangisha zaidi ya hapo. Kizuizi ni mila. Katika maeneo mengi njia huhesabiwa kuwa ya aliyeipanda wa kwanza, na kuongeza bolti bila idhini yake ni kuzua ugomvi ambao hauishi msimu mmoja. Kuna na swali la mwamba wenyewe: kila tundu ni la kudumu. Ninaheshimu mila hiyo, lakini nadhani mahali ambapo mwanzo umeshavunja miguu ya watu zaidi ya mmoja, mazungumzo na mwenye njia yafanyike. Mpaka yafanyike, fimbo ndiyo jibu lililo mkononi.

Sasa uzito wa mwili unapokutana na ardhi. Mtu wa kilo 70 akianguka kutoka mita 3 hubeba nishati ya takriban jouli 2,060. Swali ni nishati hiyo inamalizika ndani ya umbali gani. Akitua vizuri, akakunja magoti na kiuno, mwili wake ukasimama ndani ya sentimita 30, nguvu ya wastani inayompiga ni mara 11 ya uzito wake, yaani kama kilo 770 zimemkalia. Akitua kwa miguu iliyokakamaa juu ya godoro la sentimita 10, ni mara 31. Akitua kwenye jiwe lenye mteremko, ambalo ndilo lililojaa chini ya miamba mingi, hesabu haina haja ya kuendelea: kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Kinyume chake, kamba inayonyumbuka ikimdaka baada ya kuanguka mita 3 zilezile na kumsimamisha ndani ya mita 1.5, nguvu ya wastani ni mara 3 tu. Kimo ni kilekile na mtu ni yuleyule. Tofauti yote imo katika umbali wa kusimama, na umbali huo hutolewa na kamba iliyopita kwenye bolti.

Kwa bei, nitatumia dola, kisha nibadili kwa shilingi 130 za Kenya kwa dola moja ili hesabu iwe rahisi. Vifaa vya mpandaji anayejitegemea, kwa bei za kawaida za maduka ya Marekani, ni hivi kwa makadirio: kamba ya mita 70 dola 220, kwikidroo 12 kwa dola 18 kila moja, jumla 216, hanesi 70, viatu 120, helmeti 70, kifaa cha kushikia kamba chenye breki ya kusaidia 110. Jumla ni dola 806, takriban shilingi 105,000. Fimbo ya klipu iliyotengenezwa kiwandani, kama zile za Trango au Pongoose, huwa kati ya dola 80 na 150 kutegemea urefu. Tuseme 100, yaani shilingi 13,000. Hiyo ni sehemu moja ya nane ya gharama ya vifaa vingine vyote.

Mtu anayepanda nje siku 40 kwa mwaka, akitumia fimbo hiyo kwa miaka 5, ataitumia siku 200. Senti 50 za dola kwa siku, shilingi 65. Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo Kenya ni asilimia 16. Hata bei ikipanda mara moja na nusu, bado uko chini ya shilingi 100 kwa siku.

Njia ya pili ya kupata fimbo ni kununua kichwa peke yake. Vichwa hivi, Superclip au Squid ya Trango kwa mfano, huuzwa kwa makumi machache ya dola na hufungwa kwenye fimbo ya kurefusha rola ya rangi, ile ambayo fundi rangi hutumia kufikia dari. Hapa kuna jambo la kuangalia kabla ya kutoa pesa. Fimbo za rangi za Marekani zina uzi wa kuskurubu wa robo tatu ya inchi wenye mizunguko 5 kwa inchi, na vichwa vingi vimetengenezwa kwa uzi huo. Fimbo zinazouzwa kwenye hadwea zetu hutoka viwanda mbalimbali, na nyingine hazina uzi huo kabisa. Nenda na kichwa chako dukani, kijaribu palepale. Kisipoingia, klempu mbili za paipu zinatosha kukishikiza.

Njia ya tatu haihitaji duka la michezo hata kidogo: fimbo ya rola, au mwanzi mkavu ulionyooka, kibanio cha springi cha fundi seremala, na tepu ya fundi umeme. Gharama yake ni sehemu ndogo ya zile za kwanza na inafanya kazi ileile. Nitaeleza jinsi ya kuitumia hatua kwa hatua, kwa sababu ukiielewa hii, zile za dukani zitajieleza zenyewe.

Funga kibanio kwenye ncha ya fimbo kwa tepu, mkono mmoja wa kibanio ukilala sambamba na fimbo, midomo yake ikitazama juu. Chukua kwikidroo, pitisha kamba kwenye karabina ya chini. Banisha karabina ya juu kwa uti wake, ule upande wa nyuma usiofunguka, ili mdomo wake ubaki huru. Okota kijiti kikavu cha urefu wa kidole gumba, fungua mdomo wa karabina, kikwamishe kijiti ndani ili mdomo usijifunge. Kijiti kiwe kikavu na chepesi, kibichi hung'ang'ania. Sasa inua fimbo taratibu, ingiza pua ya karabina kwenye tundu la hanga, kisha vuta chini. Uzito unapohamia kwenye bolti, mdomo unasukumwa, kijiti kinaanguka, mdomo unajifunga kwa mlio mdogo unaosikika mpaka chini. Vuta fimbo kwa nguvu kidogo zaidi na kibanio kitaachia.

Usikubali kuondoka hapo bila kukagua mambo matatu, na ukague kwa macho, hata kama itabidi urudi nyuma hatua kumi ili uone vizuri. Kwanza, mdomo wa karabina ya juu uwe umefungwa kabisa. Karabina za mchezo huu zinatakiwa kustahimili angalau kilonyutoni 20 mdomo ukiwa umefungwa, lakini 7 tu mdomo ukiwa wazi. Na ikining'inia kwa pua, yaani ncha yake imekwama kwenye ukingo wa hanga, inahimili chini hata ya hapo. Kuning'inia kwa pua ndilo kosa la kipekee la fimbo, kwa sababu mkono wa mtu aliye karibu na bolti ungelihisi mara moja, ilhali mkono ulio mita 3 chini hauhisi. Pili, kamba ipite kwenye karabina ya chini upande sahihi: ule unaokwenda kwa mpandaji utoke mbele, mbali na mwamba, na ule wa mshika kamba uwe upande wa mwamba. Ikipita kinyume, mpandaji akianguka akiwa juu ya hapo kamba inaweza kuupinda mdomo na kujitoa yenyewe. Tatu, mwisho wa kamba unaoshuka kwako ndio ujifunge nao. Hili linaonekana dogo, lakini mtu aliyechoka jioni huweza kujifunga upande wa begi la kamba, akaanza kupanda huku mwenzake ameshika ncha tupu.

Kisha vuta kamba zote mbili kwa pamoja, kwa uzito wa mwili mzima, kabla mguu haujaondoka ardhini. Fimbo inakuwezesha kufika bolti lakini haikuonyeshi hali yake. Hanga inayozunguka au kutu inayochuruzika chini ya tundu ni habari ambazo mpandaji aliye karibu angeziona, nawe umeziruka. Kando ya bahari hili lina uzito zaidi: chumvi hula hata chuma cha pua, na maeneo kama Railay ya Thailand yamelazimika kubadilisha bolti zao kwa titani.

Urefu wa fimbo ni swali ambalo wanunuzi hulikosea, kwa sababu hutazama bei kwanza. Hesabu yake ni rahisi. Chukua kimo cha bolti, toa mita 2 ambazo mkono wako utafikia, ongeza sentimita 30 kwa sababu huwezi kusimama chini kabisa ya bolti na fimbo huinama. Bolti ya mita 4 inahitaji fimbo ya mita 2.3. Ya mita 5, mita 3.3. Ya mita 6, mita 4.3. Fimbo za rangi huuzwa kwa vipimo vya futi 8, 12 na 16, sawa na mita 2.4, 3.7 na 4.9. Kwa hiyo ya futi 8 inakutosha kwa bolti za mita 4 na si zaidi, na ya futi 12 inakufikisha mita 5 na ziada kidogo. Mimi ningenunua ya futi 12 hata kama ni nzito zaidi, isipokuwa unapanda mahali pamoja tu na unajua bolti zake.

Uzito unaosumbua hauko kwenye fimbo pekee. Kamba ya milimita 9.8 ina takriban gramu 62 kwa mita. Ukiinua fimbo hadi bolti ya mita 5, ncha ya fimbo inabeba kamba mbili za mita 5, yaani gramu 620, na kwikidroo ya gramu 100. Robo tatu ya kilo kwenye ncha ya mlingoti wa mita tatu na nusu, nao ukiegemea nyuzi 20 kutoka wima, inatosha kuifanya mikono itetemeke na pua ya karabina icheze kila mahali isipokuwa kwenye tundu. Tiba ni kusimama karibu na mwamba iwezekanavyo ili fimbo iwe wima, na kumwomba mwenzako avute kamba ya kutosha kutoka kwenye begi kabla hujainua, ili isikwame ikakuvuta upande. Fimbo ya nyuzi za kaboni hupunguza uzito wake yenyewe. Ile ya kamba inabaki palepale.

Nafika sasa mahali ambapo watu wengi wenye fimbo nzuri huumia. Wanafunga bolti ya kwanza, wanapumua, wanadhani hatari imeisha. Tuchukue njia halisi kwa vipimo: bolti ya kwanza mita 4, ya pili mita 6.5. Kifaa cha mshika kamba kiko mita 1 juu ya ardhi, na kiuno cha mpandaji kiko mita 1 juu ya nyayo zake. Mpandaji amefika kiuno mita 5.5, bolti ya pili iko mita 1 juu ya kiuno chake, anavuta kamba ili aifunge kwa kunyoosha mkono. Wakati huo kamba iliyo juu ya bolti ya kwanza ni mita 2.5 kupanda hadi mkononi, na mita 1 kurudi hadi kiunoni: jumla 3.5. Mkono ukiteleza hapo, kamba itakaza pale kiuno chake kitakapokuwa mita 3.5 chini ya bolti ya kwanza, yaani nusu mita kutoka ardhini. Lakini mtu aliyesimama wima ana kiuno mita 1 juu. Maana yake nyayo zimeshagonga ardhi kabla kamba haijakaza hata kidogo. Zilianza mita 4.5 juu, kwa hiyo zinafika kwa kilomita 34 kwa saa. Hiyo ni kasi kubwa kuliko ile tuliyoanza nayo, na bolti ya kwanza imefungwa, na kila mtu amefanya alichofundishwa.

Akisubiri mpaka kiuno kiwe usawa wa bolti ya pili, anahitaji kamba fupi zaidi, mita 2.5 tu juu ya bolti ya kwanza. Hapo kamba itakaza nyayo zikiwa nusu mita kutoka ardhini, baada ya kuanguka mita 5. Kamba itaanza kunyumbuka, itampunguza kasi kidogo, na nusu mita haitoshi kumsimamisha. Ni afadhali kuliko mara ya kwanza, lakini bado ni kuumia. Mshika kamba mwepesi anayerudi nyuma hatua mbili kwa kasi anaweza kupata mita moja, na mita hiyo ni ya thamani, ila kumtegemea yeye kufanya hivyo ndani ya sekunde moja si mpango.

Fimbo ikifika bolti ya pili, picha hubadilika. Mpandaji anakwenda mpaka mita 6.5 na kamba ikiwa juu ya kichwa chake muda wote. Akiwa anafunga ya tatu, tuseme mita 8.5, kwa kunyoosha mkono, kiuno kiko 7.5 na kamba juu ya bolti ya pili ni mita 3. Akianguka, kamba inakaza nyayo zikiwa mita 2.5 juu ya ardhi. Kamba ikinyumbuka asilimia 15 ya mita zake 8.5, ni mita 1.3, anabaki na mita 1.2. Ukitoa nusu mita au zaidi kwa mshika kamba anayeinuliwa, bado hajagusa chini. Nafasi ni nyembamba, na mshika kamba asiruke kumlegezea mwenzake chini ya bolti ya tatu, lakini ni nafasi.

Kufika mita 6.5 kwa hesabu ile ya awali kunahitaji fimbo ya mita 4.8, ile ya futi 16. Wasio nayo wana njia nyingine: funga ya kwanza kutoka chini, panda mpaka hapo, mwambie mwenzako akaze kamba, ukae kwenye hanesi. Kiuno chako kiko mita 4, mkono unafika kama mita 5, na fimbo ya mita 1.5 uliyoning'iniza kwenye hanesi inamalizia. Kwa mtu anayejifunza njia ngumu, hii ndiyo kazi kubwa ya fimbo fupi: anapanda kutoka bolti hadi bolti bila kuanguka mahali asipopataka, akizisoma hatua moja moja, kisha anarudi siku nyingine kuipanda yote kwa mkupuo.

Je, kupanda kwa msaada wa fimbo kunahesabika? Kurt Albert, mwaka 1975 huko Frankenjura, alianza kupaka nukta nyekundu chini ya njia ambazo alikuwa amezipanda zote bila kushika chuma wala kujivuta kwa kamba, na mtindo huo ndio kipimo cha mchezo huu mpaka leo. Kufunga bolti ya kwanza kwa fimbo kumekubalika katika maeneo mengi bila kupunguza hadhi ya upandaji, na wapandaji wa daraja la juu hawaoni haya kufanya hivyo. Kwenye miamba ya jadi ya Uingereza mambo ni tofauti, kwa sababu huko hatari ni sehemu ya kipimo chenyewe. Uliza wenyeji. Lakini mtu yeyote akikuambia uache fimbo ili uonekane jasiri, mwulize kama atakulipia hospitali.

Fimbo ina mipaka yake. Haina kazi kwenye njia zisizo na bolti, na Kenya zipo nyingi: kwenye sehemu kubwa ya miamba ya Hell's Gate kule Naivasha, mpandaji huweka kinga zake mwenyewe kwenye nyufa. Haina kazi vilevile pale bolti ya kwanza iko mita 3 na mwanzo ni ngazi. Na hupunguza umakini wa mtu asiye mwangalifu, kwa sababu kamba ikiwa juu huanza kupiga soga.

Mambo mengine mawili kwa ufupi. Mtu anayeinua fimbo na anayesimama karibu naye wavae helmeti, maana karabina ikiponyoka kutoka mita 5 inashuka kwa kilomita 36 kwa saa. Na kwenye mwamba ulioinama nje, mtu wa mwisho anaposhushwa akiondoa kwikidroo, ile ya chini kabisa ni ya hatari: akiitoa tu hubembea nje kuelekea mti, jiwe au mwenzake. Aiache, ashuke, aitoe kwa fimbo kutoka chini.

Kwa klabu za Nairobi, na kwa wanaoanza Tanzania na Uganda, pendekezo langu ni hili. Msisubiri kila mwanachama anunue yake. Fimbo moja ya futi 12 yenye kichwa kizuri, shilingi 13,000, ikigawanywa kwa wanachama 10 ni shilingi 1,300 kila mmoja. Inunueni kabla ya kamba ya pili ya klabu, iandikeni kwenye orodha ya vifaa vinavyoondoka kila safari, na mtu wa mwisho kupakia gari ndiye aulizwe iko wapi.